Ukinunua Fleti Upanga, Unanunua na Majirani

MASWALI YA WASOMAJI: NYUMBA NA MAKAZI

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi Muhimbili, mume wangu ni fundi umeme. Tumepanga Mbagala miaka mingi na nimechoka kuamka saa kumi alfajiri ili niwahi zamu ya asubuhi. Tukijumlisha akiba ya SACCOS ya kazini, hela ya kiwanja tulichouza Kigamboni na mkopo wa benki tunaotarajia kuomba, tunafikisha milioni 190. Dalali ametuonyesha fleti Upanga Magharibi: vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, jengo la zamani la fleti nane, halina lifti. Muuzaji anataka milioni 185. Fleti nimeipenda. Sebule ni pana, sakafu ya terazo, upepo unaingia mbele unatokea nyuma, na wodini nitakwenda kwa miguu.

Mambo mawili yananinyima usingizi. Nilipouliza hati, muuzaji alisema hati ni ya jengo zima, iko kwa jina la marehemu baba yake, na yeye atatuandikia mkataba kwa wakili kama alivyowaandikia wanunuzi wawili wa ghorofa ya kwanza. Ndugu zake wawili wako Toronto na mmoja yuko Leicester. La pili ni majirani. Chini kuna wazee wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya India, juu yao familia ya Kipemba, kisha mjane Mgoa, daktari Mhaya, Mchaga mwenye duka la vipuri, na wengine sijawajua. Shemeji yangu anasema tutaishi kama wageni ndani ya nyumba tuliyoinunua. Dalali naye ananituliza kwamba "jengo linabadilika, Wahindi wanaondoka". Mimi ni Mngoni, Mkatoliki. Mume wangu ni Mzaramo, Muislamu. Tuna watoto watatu. Tushauri.
Muuguzi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hati, maana hiyo ndiyo inayoweza kukupotezea milioni 185. Majirani hawana uwezo huo.

Huyo bwana, kwa leo, hana fleti ya kukuuzia. Sisemi ni tapeli. Huenda ni mtoto halali wa marehemu na ana nia njema kabisa. Lakini hati ina jina la marehemu, na marehemu hauzi. Mtoto wake pia hawezi kuuza kwa sababu tu ni mtoto. Lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi, kisha usimamizi huo uandikwe kwa Msajili wa Hati. Na hata akishateuliwa, mali haiwi yake peke yake. Anaisimamia kwa niaba ya warithi wote, na wale wa Toronto na Leicester wamo.

Nilifanya kazi ya uthamini wa nyumba hadi nilipostaafu, na Upanga hadithi hii niliikuta mara nyingi hadi nikawa naitambua kabla sijamaliza kuisikiliza. Familia iliondoka mmoja mmoja kwenda Kanada au Uingereza, akabaki ndugu mmoja. Huyo aliyebaki ndiye aliyelipa kodi ya pango la ardhi, akaziba paa, akamuuguza mzee mpaka siku ya mwisho. Moyoni mwake jengo ni lake, na kwa jasho alilotoa namwelewa. Anauza fleti moja, anauza ya pili. Kisha anakuja mtoto wa dada yake na wosia mkononi, na anayeitwa mahakamani kujieleza ni mnunuzi, aliyekwisha kubadilisha vigae na kuhamishia watoto shule.

Kwa hiyo mwombe vitu viwili kabla hamjarudi kwenye bei. Kwanza, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Pili, ridhaa ya maandishi ya kila mrithi. Walio nje wasaini mbele ya notari au kwenye ubalozi wa Tanzania, na kama wanampa ndugu yao mamlaka ya kuwawakilisha, hati ya uwakilishi isajiliwe hapa. Akikujibu "hao ni ndugu zangu, tumeelewana kwa simu", shukuru kwa chai, ondoka, rudi siku makaratasi yatakapokuwepo.

Sasa hilo la hati ya jengo zima. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo. Kabla ya hapo, aliyenunua fleti alibaki na mkataba kabatini, hati ikabaki moja, ya mwenye jengo. Sheria hii inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Mpima ardhi aliyesajiliwa anatengeneza ramani inayoonyesha kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi, na yapi ni maeneo ya pamoja: ngazi, paa, uwanja, tenki, mahali pa kuegesha magari. Ramani ikishaidhinishwa na kusajiliwa, kila mmiliki anapata hati ya sehemu yake pamoja na mgawo wake katika yale ya pamoja. Wamiliki wote nao wanakuwa wanachama wa umoja wa jengo, wapende wasipende. Hati hiyo unaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani bila kumwomba mtu mwingine ruhusa ya jengo lake.

Wewe unataka mkopo wa benki, na hapo pana faida ambayo huenda hujaiona. Benki haitatoa fedha kwa mkataba wa kabatini. Mwanasheria wake atataka hati inayoweza kuwekwa rehani. Wengi huiona hiyo kama usumbufu. Mimi naiona kama jicho la pili ambalo hulilipii dalali. Benki ikikataa fleti, usiende kukopa kwa mtu binafsi ili uikwepe benki. Uliza kwanza kwa nini wamekataa.

Halafu kawatafute wale wawili wa ghorofa ya kwanza. Muuzaji amekutajia kama ushahidi kwamba mambo ni shwari. Mimi nawaona kama watu watatu, ukiwamo wewe, wenye shida moja. Waulize wamelipa lini, wana karatasi gani, na kama wameahidiwa hati. Mkikaa pamoja mnaweza kumwambia muuzaji: kamilisha mirathi, jengo ligawanywe kisheria, gharama za mpima na usajili tugawane kwa kiasi hiki, na sehemu ya bei ilipwe hati zitakapotoka. Mtu mmoja akisema hayo anaonekana msumbufu. Watatu wakisema, ni biashara. Haya yote yaandikwe, na kama kuna fedha lazima zitangulie, zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili wenu, siyo ya wakili wa muuzaji, zikiwa na masharti ya lini zitolewe na lini zirudi.

Upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati, mfanye wenyewe kupitia wakili wenu katika ofisi ya Msajili wa Hati. Msikubali nakala ya upekuzi mliyoletewa na dalali. Angalieni jina, angalieni kama kuna rehani au zuio la mahakama, angalieni miaka iliyobaki. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na viwanja vingi vya Upanga ni vya zamani, kwa hiyo swali la miaka si la kupita juu juu. Ulizeni stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kama muuzaji wenu angekuwa na hati kwa jina lake, ningewaambia pia mdai ridhaa ya mkewe kwa maandishi, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mzuri kwa utambulisho, na mwenyekiti mzuri anajua mengi ya mtaa wake, lakini kwa kiwanja kilichopimwa chenye hati hauwezi kuwafanya wamiliki.

Na tenga hela ya mwisho wa safari. Una milioni 190 na bei ni 185. Milioni tano hazitoshi. Kuna wakili, kuna mthamini ambaye ripoti yake lazima ipite kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, kuna ushuru wa stempu unaokaribia asilimia moja ya thamani, kuna ada ya usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini bila cheti chake cha TRA uhamisho hausogei, na wauzaji wengi hugeuka dakika ya mwisho wakitaka mnunuzi awasaidie. Liandikeni mapema kwamba ni lake. Kwa hali ya makaratasi yake, nadhani mna haki ya kuomba bei ishuke, na ishuke vizuri.

Tuje kwenye jengo lenyewe. Upepo na terazo nimekuelewa. Mafundi wa wakati ule walijua joto la Dar es Salaam. Lakini panda juu ya paa. Omba ufunguo, panda, tazama zege kama lina nyufa, tazama maji ya mvua yanakotokea. Wewe utakuwa ghorofa ya tatu. Kama hiyo ndiyo ya mwisho, paa la wote likivuja linavuja kwako. Tazama nondo kwenye kingo za vibaraza. Chumvi ya bahari hula chuma, na kutu ikianza hubandua zege kidogo kidogo. Fungua mabomba yote kwa pamoja, saa kumi na mbili jioni wakati kila mtu anaoga. Uliza tenki la chini lina ukubwa gani, pampu ni ya nani, umeme wa pampu unatoka kwenye LUKU ya nani. Uliza maji taka yanakwenda kwenye bomba la DAWASA au kwenye shimo linalonyonywa na gari, na gari hilo analipa nani. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, basi uliza pia mita ya fleti hiyo imeandikishwaje, usije ukarithi deni la mtu. Kwa hayo yote mchukue mume wako. Fundi umeme aliyefungua boksi la mita na kufuata nyaya za ngazini atakuambia ukweli ambao dalali hana.

Nenda pia mvua inaponyesha. Upande wa Jangwani, Bonde la Msimbazi likijaa barabara hufungwa, na ingawa jengo lenu liko juu, utataka kujua watoto watarudije nyumbani.

Sasa majirani, ambao umewaandika kwa woga na mimi nataka niwaandike kwa upendo, kwa sababu naishi Upanga na nimekuwa katibu wa umoja wa jengo letu.

Kauli ya dalali kwamba Wahindi wanaondoka imeniuma. Mtu anayeweza kukuuzia fleti kwa kukuhakikishia fulani anaondoka, kesho atamuuzia mwingine kwa kumhakikishia kwamba watu kama wewe hawaingii. Upanga imejengwa na mikono mingi. Jumuiya za Waasia zilijenga majengo haya ya ghorofa tatu na nne, mengi kati ya hayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikajenga na shule. Tambaza ya leo ilikuwa shule ya Aga Khan. Wafanyakazi wa Muhimbili kama wewe wamepita mitaa hii vizazi na vizazi. Watoto wa kila kabila wamesoma Jangwani, Azania na Zanaki, na wengi wakarudi kuishi hapa wakiwa watu wazima. Anayekuambia utakuwa mgeni hapa hajui mtaa huu.

Shemeji yako anaogopa kutosalimiwa. Ni kweli, kuna majengo ambako watu hupishana ngazini kama hawaonani. Nimeyaona, na hayana uhusiano na kabila. Ni majengo ambayo hayana mikutano. Mzee wa Kibohora wa chini mpe shikamoo yake, utaona atakavyoipokea. Mkewe asipompa mume wako mkono, mume wako asichukie, ndivyo walivyo, wewe atakupa. Watoto wako baada ya mwaka watakuwa wanajua maneno ya Kigujarati, lugha ya Wahindi wa hapa, ambayo wewe hutayaelewa, na watoto wa majirani watakuwa wanaimba nyimbo za Krismasi. Sinia za Idd, za Diwali na za Pasaka hupanda na kushuka ngazi hizi, na sinia hairudi tupu.

Siwezi kukuficha kwamba tunagombana. Kwetu tuligombania kamba za nguo juu ya paa. Tuligombania jiko la mkaa la sherehe lililowekwa ukumbini pa ngazi, moshi ukaingia kwa mwenye pumu. Tuligombania kuku wa kuchinjwa uani, magari ya wageni wa Ijumaa, na kijana aliyetaka kuchoma kitimoto kwenye paa Jumapili. Hilo la mwisho lingeweza kuwa baya. Liliishaje? Tulikaa, tukakubaliana kwamba kila mtu apike atakacho ndani ya kuta zake, na paa na ngazi havichomewi nyama ya aina yoyote, iwe ya ng'ombe, kuku au nyingine. Tukaiandika kwenye kanuni za jengo, haikurudi tena. Ugomvi mkubwa kuliko wote haukuwa wa dini. Ulikuwa wa pampu, na nani hajalipa.

Nikuambie pia lililonifanya nisiwaze kuhama. Alipofariki jirani yetu mmoja Mkristo wa ghorofa ya juu, ngazi zilikuwa nyembamba na waombolezaji wengi. Familia ya Kiislamu ya chini ilitoa makochi yote uani, ikafungua sebule yake, na mkesha wa sala na nyimbo za kanisa ukafanyika humo hadi alfajiri, wenye nyumba wakihudumia chai. Hakuna aliyewaomba.

Kwa hiyo usiniulize kama jengo mchanganyiko linafaa. Uliza kama jengo hili lina utaratibu. Siku ya Jumamosi jioni piteni wewe na mume wako kwenye milango yote saba, mjitambulishe kwamba mnafikiria kununua. Waulizeni sevisi chaji, yaani mchango wa huduma za pamoja, ni kiasi gani kwa mwezi, anakusanya nani, mkutano wa mwisho ulikuwa lini, daftari la matumizi liko wapi. Fleti nane zisizo na daftari zitakutesa hata kama wote wanane ni ndugu zako wa Songea. Jambo moja la ziada: baadhi ya majengo Upanga ni mali ya wadhamini wa jumuiya za dini na yana masharti yake ya nani anaweza kuishi humo. Inavyoonekana lenu si hivyo, ila upekuzi utathibitisha.

Ninyi wawili, Mngoni Mkatoliki na Mzaramo Muislamu mnaolea watoto watatu chini ya paa moja, mmekwisha kufanya kazi ngumu kuliko kuishi na majirani saba. Mkipata ile barua ya mahakama na ridhaa za Toronto na Leicester, niandikie tena.

SWALI: Habari za kazi mama. Mimi nauza nguo Kariakoo. Nimepata fleti ya vyumba viwili kwenye jengo la zamani, hatua chache kutoka Mtaa wa Swahili, kwa milioni 40 tu. Anayeuza ni mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa, anasema kodi yake ni ndogo, nitaendelea kuilipa kwa jina lake, na baadaye Shirika likiuza nyumba mimi ndiye nitakayepewa nafasi ya kwanza. Jamaa watatu wamenunua hivyo. Nifanye haraka?
Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Hapana mwanangu. Usifanye hata polepole.

Hapo huuziwi fleti. Unauziwa ufunguo wa mtu ambaye mwenyewe amepanga. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana majengo mengi ya zamani ya Kariakoo, katikati ya jiji na Upanga ni ya Shirika, na waliomo ni wapangaji, hata kama babu yao aliingia humo kijana. Mpangaji hana cha kuuza. Kodi ikilipwa kwa jina lake, mpangaji ni yeye. Akifa, akigombana na wewe, au Shirika likikagua na kukuta mtu asiyekuwa kwenye mkataba, unatoka na mabegi yako. Milioni 40 utamdai nani, kwa karatasi gani? Wakili mwaminifu hatakuandikia mkataba huo. Akikuandikia, mwogope na yeye. Na hiyo "nafasi ya kwanza", kama siku moja itakuwepo, atapewa mwenye jina kwenye mkataba.

Najua kwa nini unashawishika. Kulala hatua chache kutoka dukani, usiku usibebe mzigo mgongoni hadi Gongo la Mboto, ni nafuu kubwa. Panga kihalali, au ungana na mwenzako mnunue kitu kidogo chenye hati hata kama ni mbali.

Na ukija kununua Kariakoo siku za mbele, angalia chini kabla ya kuangalia juu. Majengo ya huku yana fremu za maduka chini, stoo katikati, watu juu. Mwenye fremu anataka nafasi, anavunja ukuta, anachimba. Mizigo ya vitambaa na vigae inapandishwa kwenye sakafu iliyojengwa kwa ajili ya vitanda. Asubuhi ya Jumamosi Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapo Kariakoo likiwa na watu ndani, na Machi 29, 2013 ghorofa 16 zilizokuwa zikijengwa katikati ya jiji zilianguka na kuua watu 36. Nilikuwa nayajua majengo ya jirani, na mpaka leo nikipita huko natazama nguzo kabla ya bidhaa. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa akague nguzo za chini na vibali vya ghorofa zilizoongezwa. Ukiona jengo limeongezewa ghorofa na hakuna anayeweza kuonyesha kibali, usilale humo hata kwa kupanga.

SWALI: Mama, mimi ni mstaafu, nina fleti ya chini kabisa kwenye jengo la ghorofa saba Ilala. Umoja wa wamiliki unataka wote tuchangie matengenezo ya lifti. Mimi lifti siipandi, miguu yangu inaishia mlangoni kwangu. Wananiambia ni sheria. Ni kweli?
Mzee, Ilala

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lifti ni mali ya pamoja, na msingi wa sheria ni kwamba kila mmiliki anachangia ya pamoja kulingana na mgawo wa sehemu yake ulioandikwa, siyo kulingana na anachotumia. Wa ghorofa ya saba naye atachangia kuzibua chemba iliyo mbele ya dirisha lako, ingawa harufu haimfikii. Na lifti mbovu inashusha bei ya jengo zima, fleti yako ikiwamo, siku wanao watakapotaka kuiuza.

Lakini unayo nafasi ya kujitetea. Omba kanuni za umoja wenu, soma zinasemaje kuhusu michango, na kama hazijataja lifti, peleka hoja mkutanoni kwamba ghorofa ya chini ilipe kiasi kidogo zaidi. Majengo kadhaa yamekubaliana hivyo, na wenzako wakikubali iandikwe. Ukiwa hapo hapo mkutanoni omba kuona makisio ya mafundi, angalau mawili, na mkataba wa fundi aliyekuwa akiitengeneza lifti kabla haijaharibika. Nina hakika wa ghorofa ya saba nao wangependa kuyaona.